Bwawa Hupimwa kwa Maji ya Februari

Mimi ni mfugaji wa samaki Njoro, kaunti ya Nakuru, kwenye miteremko inayoshuka kutoka Msitu wa Mau kuelekea Ziwa Nakuru. Nafuga ngege, ambao wengi hapa huwaita tilapia, pamoja na kambare. Naandika kuhusu kiangazi kwa sababu kila mkutano wa wafugaji ninaohudhuria huanza na vifaranga, ukaenda kwenye chakula, ukamalizikia sokoni. Maji hutajwa kwa kupita, kana kwamba kila mtu anayo. Huku Bonde la Ufa la kati, mapato yetu ya mwaka mzima huamuliwa na maji tuliyo nayo kati ya Desemba na Machi.

Asiyefuga hudhani hasara ya kiangazi ni samaki kuelea wakiwa wamekufa. Hilo hutokea, na linauma. Lakini sehemu kubwa ya hasara huja samaki wakiwa hai. Hawaongezeki uzito, wanauzwa wadogo, wanauzwa kabla ya wakati wao, na mwisho wa hesabu mwenye bwawa haelewi pesa zake zilipotelea wapi. Nataka nieleze zinakopotelea.

Maji yanakokwenda

Bwawa la mita za mraba 300 ndilo kipimo tunachokijua Wakenya wengi. Lilienea kuanzia mwaka wa fedha wa 2009/2010, Serikali ilipoingiza ufugaji wa samaki katika mpango wake wa kufufua uchumi. Yalipangwa mabwawa 200 katika kila eneo bunge, kwa maeneo bunge 140, na kila bwawa likawekewa vifaranga 1,000. Mpango ule ulitufungua macho watu wengi ambao hatukuwahi kufikiri kwamba samaki anaweza kutoka kwenye shamba la mahindi. Hata hivyo, mengi ya mabwawa yale yaliachwa. Sababu ni kadhaa: chakula ghali, vifaranga hafifu, ruzuku kukoma mfugaji akiwa bado hajasimama. Huku kwetu sababu ninayoisikia mara nyingi zaidi vinywani mwa wenye mashamba ni kwamba maji yaliisha.

Tupige hesabu. Siku ya jua na upepo, Januari au Februari, bwawa la wazi huku kwetu hupoteza kiasi cha milimita tano za maji kwa mvuke. Milimita tano ni kitu ambacho jicho halikioni. Katika bwawa la mita za mraba 300 ni lita 1,500 kwa siku moja. Kwa mwezi ni lita 45,000. Kwa miezi mitatu ni lita 135,000, karibu nusu ya maji yote ya bwawa ambalo kina chake cha wastani ni mita moja. Na hayo ni yale yanayopaa tu, bado hatujahesabu yanayonyonywa na ardhi.

Ardhi yetu hunyonya sana. Udongo wa sehemu nyingi za Nakuru umetokana na majivu ya volkeno, na kaunti yetu ina volkeno za Menengai na Longonot. Ni udongo unaopendwa na viazi na mahindi, lakini maji hupenya ndani yake kwa urahisi. Mfugaji mwenye udongo wa mfinyanzi anaweza kuushindilia ukashika maji. Sisi wengi hulazimika kutandika karatasi nene ya plastiki chini ya bwawa, na bei ya karatasi hiyo yaweza kuzidi gharama ya kuchimba bwawa lenyewe. Asiyeweza kuinunua hujaza bwawa lake mto ukiwa umejaa na haoni tatizo lolote. Tatizo humfikia mfereji unapokauka.

Na mifereji hukauka. Mto Njoro unashuka kutoka Mau hadi Ziwa Nakuru. Wazee wa hapa wanaukumbuka ukitiririka mwaka mzima, lakini sasa sehemu zake za chini hukatika wakati wa kiangazi. Mwaka 2001 Serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau ya Mashariki katika orodha ya misitu ya hifadhi, na mahali pa miti pakawa mashamba na makazi. Si sababu pekee, kwa kuwa watu wameongezeka na pampu zimeongezeka. Lakini mfugaji wa samaki wa chini ya mlima anaishi na matokeo ya kila mti uliokatwa juu yake. Mto ukipungua, watumiaji wa maji hupangiwa zamu, na Sheria ya Maji ya 2016 inatanguliza matumizi ya nyumbani. Bwawa la samaki hubaki nyuma kabisa kwenye foleni. Ni haki liwe nyuma, lakini anayefuga samaki ajue mapema kwamba hapo ndipo mahali pake.

Mgeni huuliza kwa nini tununue maji ilhali tumezungukwa na maziwa. Mwaka 2020 maziwa ya Bonde la Ufa, Naivasha, Nakuru na Baringo miongoni mwao, yalifurika yakameza nyumba na mashamba. Mwaka uliofuata, mnamo Septemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mambo hayo mawili yanaweza kutokea katika nchi moja, hata katika bonde moja. Maji ya Ziwa Nakuru ni ya magadi. Samaki aliyejulikana humo kwa miaka mingi ni yule mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Magadi kuanzia miaka ya 1950 ili ale viluwiluwi vya mbu. Maji ya aina hiyo si ya kujazia bwawa la ngege. Visima virefu navyo vina gharama ya umeme, na maji mengi ya chini ya ardhi katika bonde hili yana floridi nyingi, kwa hiyo hupaswa kupimwa kabla ya kutegemewa.

Jua la mchana, baridi ya alfajiri

Mji wa Nakuru uko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Njoro iko juu zaidi. Ngege hustawi maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo, na yakikaribia 16 huacha kula. Kiangazi chetu kina mbingu zisizo na wingu: mchana jua linachoma, usiku joto lote linapaa. Bwawa lenye maji mengi hulihifadhi joto la mchana likavuka nalo hadi asubuhi. Bwawa lililobaki na maji ya magotini hupata moto upesi na kupoa upesi. Samaki waliomo humo hupata saa chache tu za kula vizuri, kuanzia adhuhuri hadi jioni.

Hapo ndipo uzito unapopotea. Mfugaji huendelea kumwaga chakula kilekile, saa ileile ya asubuhi aliyozoea. Samaki hawali. Chakula huzama, huoza, na maji hugeuka kijani kibichi kwa sababu mwani umepata mbolea. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku nao huivuta. Ukifika bwawani alfajiri utawakuta samaki wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Uchafu uleule hutoa amonia, na ndani ya maji machache, yenye joto la alasiri na mwani mwingi, amonia huwa sumu kali zaidi. Samaki anayepita katika hali hiyo kila siku huenda asife, ila hakui. Nguvu zake zote zinakwenda kwenye kupumua.

Kisha kuna ndege. Vidimbwi vya huko nje vikikauka, korongo, mnandi na mdiria hukusanyika penye maji yaliyobaki, na maji ya kina kifupi huwarahisishia kazi. Bwawa lisilo na wavu juu yake kiangazi hulisha ndege.

Siku ninayoihofia kuliko zote, hata hivyo, ni siku ya mvua ya kwanza. Watu hufurahi. Mimi hukaa macho. Mvua ile hukokota samadi, vumbi na majani yaliyokusanyika kwa miezi, ikayaingiza yote bwawani kwa pamoja. Maji baridi hutibua tope la chini, na oksijeni kidogo iliyokuwepo ikaisha kwa usiku mmoja. Ukame wa 2009 uliposhusha maji ya Ziwa Naivasha, samaki wengi walikufa ziwani humo Februari 2010, na wataalamu walitaja upungufu wa oksijeni. Ikiwa ziwa zima linaweza kupatwa na hayo, bwawa langu lina kinga gani? Kwa hiyo kabla ya mvua za Machi huchimba mtaro kuzunguka bwawa ili maji ya kwanza yapite kando.

Pesa zinavyopungua

Sasa niweke hesabu ya mfano, ambayo mfugaji yeyote anaweza kubadilisha tarakimu zake. Vifaranga 1,000 wameingia, 900 wamefika mavuno. Wakifika gramu 300 kila mmoja ni kilo 270. Kwa bei ya shilingi 400 kwa kilo, ni shilingi 108,000. Wakidumaa kiangazi wakaishia gramu 180, ni kilo 162. Na samaki wadogo hawapati bei ya wakubwa. Tuseme shilingi 300 kwa kilo, ni shilingi 48,600. Pengo ni shilingi 59,400, zaidi ya nusu ya mapato, na hakuna samaki hata mmoja aliyekufa kwa kiangazi.

Kwa upande mwingine gharama zimepanda. Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji hata katika miezi mizuri. Kiangazi pumba za mahindi hugombewa na wenye ng'ombe, kwa kuwa malisho yamekauka. Protini ya chakula chetu hutoka kwa soya, omena na ochong'a, yaani wale kamba wadogo wa Ziwa Victoria wanaonaswa pamoja na omena. Uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane. Kwa hiyo mfugaji anayetoka kwenye kiangazi akiwa hana kitu hukutana na bei ya chakula ikipanda. Ongeza hapo gari la maji. Anayenunua maji ya gari ili kufidia mvuke wa lita 1,500 kila siku, pamoja na yale yanayonyonywa na udongo, afanye hesabu kwanza. Mara nyingi maji yatakula thamani ya samaki wote.

Kalenda nayo inatukaba. Shule hufunguliwa Januari na karo inadaiwa wiki ileile ambayo bwawa linaanza kushuka. Mzazi akitazama maji yakipungua na barua ya shule mkononi, huuza. Mama mmoja anayenunua samaki kwangu kwa ajili ya kuwakaanga mjini aliniambia wazi: “Mama, hawa ni wazuri lakini ni wadogo. Mteja wangu anataka samaki ajae sahani, la sivyo atanunua yule wa barafu.” Alikuwa na haki. Samaki wa barafu kutoka China hana kiangazi, anafika na kipimo kilekile mwaka mzima, kwa bei ambayo mfugaji mdogo huona shida kuifikia.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba wiki chache baadaye huanza Kwaresima. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Pasaka, Wakatoliki wengi huacha nyama, hasa siku za Ijumaa, na samaki hutafutwa kuliko wakati wowote. Kwaresima huangukia Februari hadi Aprili, katikati na mwishoni mwa kiangazi chetu. Soko linafunguka wakati mabwawa yamekauka. Aliyevusha samaki wake hadi hapo anapata bei, na aliyeuza Januari anabaki kuitazama.

Wenzetu wa Pwani wanaofuga kamba katika mabwawa, kule Ngomeni kaskazini mwa Malindi, wana shida ya aina nyingine iliyozaliwa na jua hilohilo. Wao wana bahari mlangoni. Lakini jua linapopaisha maji ya bwawa, chumvi hubaki, na bwawa lisilopata mvua wala maji mapya linaweza kuwa na chumvi kuliko bahari yenyewe. Si bure kwamba Ngomeni ni eneo la mashamba ya chumvi pia. Kamba hukua vizuri zaidi kwenye maji yaliyochanganyika ya bahari na mto, kwa hiyo chumvi ikizidi naye hudumaa. Bara tunapungukiwa maji, Pwani maji yanazidiwa na chumvi. Kote mfugaji anayeumia ni yule aliyepanga shughuli yake kwa kuangalia msimu wa mvua.

Ninachofanya

Jambo la kwanza ni kina. Upande mmoja wa bwawa uwe na mita moja na nusu au zaidi, ili hata maji yakishuka pawe na mahali pa samaki kujikinga na baridi na ndege. Mvuke hupimwa kwa upana wa uso wa maji, kwa hiyo bwawa jembamba lenye kina hupoteza maji kidogo kuliko bwawa pana la kina kifupi lenye ujazo uleule. Wanaoweza hufunika bwawa kwa plastiki kama kitalu cha nyanya. Hupunguza mvuke, hutunza joto la usiku na huzuia ndege kwa pamoja. Kwa miinuko yetu, sijaona uwekezaji unaorudisha pesa zake vizuri zaidi.

La pili ni maji ya paa. Paa la mabati la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 90,000. Ukiondoa yanayopotea, kiasi cha lita 70,000 zinaweza kuvunwa. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mvuke wa miezi mitatu wa bwawa la mita 300. Asiye na paa kubwa achimbe dimbwi la akiba lenye karatasi, alijaze mvua ndefu zikiwepo, na asiweke samaki ndani yake.

La tatu ni kalenda. Vifaranga wangu huingia bwawani mvua ndefu zinapoanza, Machi au Aprili, wakiwa tayari wamelelewa kwenye kidimbwi kidogo kilichofunikwa. Kwa baridi yetu ngege huhitaji miezi minane, tisa, hata zaidi, ilhali wenzetu wa Kisumu humaliza mapema. Wakiingia Aprili, Desemba wanakaribia uzito wa sokoni. Hapo huuza karibu nusu yao, walio wakubwa, kabla maji hayajashuka. Pesa hizo hukutana na karo, na nusu iliyobaki inapata nafasi, oksijeni na maji ya kutosha kufika Kwaresima. Kuvuna nusu mapema kumesaidia mapato yangu kuliko dawa au chakula chochote kipya.

La nne ni kulisha kwa kipimo cha joto. Kiangazi nalisha mara moja, saa za mchana, na naacha samaki wakiacha. Kambare huvumilia zaidi, kwa kuwa ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo bwawa linalojulikana kuwa na maji machache mwishoni mwa msimu humfaa yeye kuliko ngege.

La tano ni mboga. Maji ya kijani yanayotolewa chini ya bwawa yana mbolea tele. Yanapoelekezwa kwenye sukuma wiki na spinachi, maji yaleyale hufanya kazi mara mbili. Na kiangazi ndicho kipindi ambacho mboga hupanda bei Nakuru yote. Miaka ambayo samaki wangu hawakukua vizuri, mboga ndizo zilizolipa chakula chao.

Rai yangu

Kwa kaunti na kwa kila mpango unaokuja kutuhamasisha: msianze na idadi ya mabwawa. Anzeni na lita. Mkulima aulizwe kwanza maji yake ya Februari yanatoka wapi na ni kiasi gani, ndipo apimiwe ukubwa wa bwawa. Dimbwi moja la akiba linalotumiwa na mashamba kadhaa litaokoa samaki wengi kuliko vifaranga wa bure wanaogawiwa Aprili na kufa Machi. Tunao wataalamu karibu, Chuo Kikuu cha Egerton hapa Njoro na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi huko Naivasha. Maarifa yao yafike kwa mfugaji mdogo kabla ya kiangazi. Na chanzo cha mito yetu, Mau, kilindwe kwa vitendo, kwa sababu hakuna karatasi ya plastiki itakayochukua nafasi ya msitu.

Kwako ndugu au dada unayetaka kuanza: nenda mtoni kwako mwezi wa pili, usiende mwezi wa tano. Sikiliza utabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kabla ya kila msimu. Uliza majirani kisima chao hushuka kiasi gani mwezi Machi. Ikiwa maji utakayoyaona yanatosha bwawa la mita za mraba 100 pekee, chimba la mita 100 na ulijaze mwaka mzima. Bwawa dogo lenye maji hadi Pasaka litakulipa kuliko bwawa kubwa linalokauka Januari.